Tabibu wa Vita au Askari wa Miguu: Amua Kabla Tangazo Halijatoka

Kila Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza usajili wa makurutu, swali lile lile huzuka kuanzia Kayole hadi Kawangware: niende miguu au niende matibabu? Wengi huliuliza wakiwa tayari uwanjani, bahasha ya vyeti kwapani, na hapo limeshapitwa na wakati. Hapa Kenya uamuzi huu hufanywa miaka mitatu au minne kabla, siku unapochagua kozi baada ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Sababu ni milango ya kuingilia. Makurutu wa kazi za kawaida huingia na KCSE yao na kupelekwa mafunzoni Moi Barracks, Eldoret. Huko hakuna fomu ya kuchagua kitengo. Jeshi hukupanga kulingana na pengo lililopo. Mlango wa pili ni wa wenye taaluma: matabibu, wauguzi, watu wa maabara na wa famasia, kila mmoja na diploma yake pamoja na leseni ya baraza linalosimamia kazi yake. Madaktari wenye digrii huomba kama maafisa wataalamu, na hiyo ni habari nyingine. Kwa hivyo ukitaka matibabu, cheti kinakuja kwanza, gwanda baadaye. Anayeingia mlango wa kwanza akitumaini atahamishiwa zahanati ya kambi anacheza bahati nasibu.

Sasa piga hesabu ya umri. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka kurutu wa kawaida awe na miaka 18 hadi 26, na wenye taaluma wameruhusiwa kufika 30. Diploma ya utabibu pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, ni miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, kabla ya leseni kamili. Aliyemaliza shule na miaka 18 atakuwa tayari akiwa na 22 au 23, na bado ana nafasi tele. Mwenye 24 leo bila diploma atafika 28, akibakiwa na usajili mmoja au miwili ya kubahatisha. Huyo tungemwambia waziwazi: kama jeshi ndilo lengo, ajaribu miguu sasa. Kama lengo ni kutibu watu, asome tu, jeshi likimkosa hospitali zipo.

Kazi zenyewe zinatofautiana pale ambapo vijana hawatazami. Askari wa miguu hushinda akifanya yale yale hadi mwili uyashike: kulenga shabaha, doria, kuchimba handaki, kulala nje, kutembea na mzigo. Bunduki ya G3 pekee ina zaidi ya kilo nne kabla ya risasi, na bado hujaweka maji, chakula na vifaa vya seksheni, yaani kikundi chako kidogo cha askari. Anayechoshwa na kurudiarudia hatadumu.

Tabibu naye, siku nyingi za kazi yake hazina damu hata tone. Asubuhi kuna foleni ya wagonjwa: malaria, kifundo kilichoteguka, malengelenge ya miguu, na yule anayekwepa kwata na lazima umtambue bila kumdhulumu mgonjwa wa kweli. Baada ya hapo kuna kuhesabu dawa, kuangalia tarehe za kuharibika, kujaza daftari. Kikosi kikienda operesheni anaambatana nacho, akibeba silaha na maji kama wenzake, na juu yake begi la matibabu. Ile dhana kwamba matibabu ni njia ya kukwepa risasi ondoa kichwani. Tangu Kenya ivuke mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, waliopelekwa huko wamekuwa wa kazi zote mbili.

Kuna pia tofauti ya kisheria ambayo watu huipuuza. Chini ya Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, mhudumu wa afya wa jeshi hapaswi kushambuliwa, na anaruhusiwa silaha ndogo ya kujilinda na kuwalinda majeruhi wake tu. Akiitumia kushambulia, kinga hiyo humponyoka. Na huwatibu majeruhi kwa uzito wa jeraha. Adui anayevuja damu hutangulia mbele ya rafiki yako aliyevunjika kidole. Hilo ndilo jaribio la kwanza: jiulize kama ungeweza kulifanya, ukiwa umetulia nyumbani. Kama jibu linakukera, bunduki itakufaa zaidi kuliko begi.

Jaribio la pili hufanywa kwa mikono. Jiandikishe kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu au St John Ambulance, zote ziko Nairobi, na ujifunze kufunga mkanda wa kuzuia damu (tourniquet) kwa mkufunzi. Kinachofanyika ni hiki. Mkanda huwekwa sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea moyo, kamwe si kwenye kiungo chenyewe cha goti wala kiwiko. Kwanza unavuta utepe mpaka ncha za vidole zisipite chini yake, ndipo unazungusha kijiti kilicho kwenye mkanda hadi damu ikome, unakifunga, unaandika saa. Wengi hukosea hapo mwanzo: wanaanza kuzungusha kijiti utepe ukiwa bado umelegea, kinaisha mizunguko na damu bado inatiririka. Damu isipokoma, mkanda wa pili huwekwa kando ya ule wa kwanza, upande wa kuelekea moyo. Kosa lingine ni huruma. Mkanda uliokazwa vizuri unauma vibaya sana, majeruhi atakusihi uulegeze, nawe unapaswa kukataa huku ukimtuliza. Na risasi zikiwa bado zinalia, hata tabibu hutangulia kujibu mashambulizi ili kujilinda na kuwalinda majeruhi, au kujificha. Hakuna bendeji inayofungwa mahali pa wazi.

Ukizimia kwa kuona damu kozini, usijifute bado. Kwa wengi ni shinikizo la damu kushuka ghafla, na kukaza misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, kupumzika kidogo, kisha kurudia, huwasaidia. Kama baada ya mara kadhaa bado unaanguka, umepata jibu.

Mwili uandae sawasawa, njia yoyote utakayochagua, maana kwata ya Eldoret haiulizi diploma. Nunua beli ya unga, pakiti 12 za kilo mbili. Wiki ya kwanza tia pakiti tano mgongoni na utembee kilomita 5, mara mbili kwa wiki. Ongeza pakiti moja kila wiki mpaka zifike kumi, na masafa kidogo kidogo hadi kilomita 10. Tembea, usikimbie na mzigo. Magoti na nyonga huanza kuuma hapo. Kukimbia fanya bila mzigo, Karura au msitu wa Ngong Road panafaa, na kumbuka Eldoret iko juu kuliko Nairobi, karibu mita 2,100. Anayetaka matibabu aongeze zoezi moja: kumburuta mwenzake wa kilo 75 hivi mita 25 kwenye nyasi, akimshika mikanda ya begi, kisha afunge bendeji mikono ikiwa bado inatetemeka.

Vipimo vya chini vya mwili vimekuwa urefu wa mita 1.60, uzito wa kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Soma tangazo la mwaka wako lote. Usajili haulipiwi, kwa hivyo anayekuitisha pesa, hata kama ni binamu ya afande, ni tapeli, na barua ya mwaliko ya kughushi itakufikisha Eldoret ili ukamatwe. Beba kitambulisho na vyeti halisi. Jina la kitambulisho likitofautiana na la KCSE, hata kwa herufi moja, lirekebishe miezi kadhaa mapema. Wenye taaluma wahakikishe leseni haijaisha muda, kwa sababu hupaswa kuhuishwa kila mwaka, na iliyopitwa na wiki mbili ni sawa na kutokuwa nayo.