Muulize mhudumu anakokula siku yake ya mapumziko
Ukienda kukaa Jumamosi na Jumapili katika mji unaosifika kwa vyakula, weka nafasi mapema kwa mlo mmoja tu, ule wa usiku wa kwanza, na ukikupendeza, mwulize mhudumu anapoleta bili: "Wewe mwenyewe, siku usiyofanya kazi, huenda kula wapi?" Usimwulize mgahawa gani ni mzuri, kwa sababu swali hilo humfanya akutajie palepale panapotajiwa kila mgeni, ilhali hili humkumbusha mahali anapotoa fedha zake mwenyewe, na watu wa kazi hiyo hujua ni jiko lipi lisilobadilika mpishi mkuu anapokuwa hayupo. Mimi niliandikiwa majina matatu nyuma ya risiti, na mawili kati ya hayo sikuwa nimeyaona katika orodha yoyote. Mbinu hii hushindwa ukiuliza wakati meza zote zimejaa na mhudumu anakimbizana na sahani, au ukimwuliza mtu wa mapokezi hotelini, ambaye huenda analipwa kamisheni kwa kila mgeni anayemwelekeza. Tena ulizia siku za kufunga, maana migahawa mingi midogo haifunguliwi Jumapili jioni.