Kuchagua tairi za Golf GTI bila kupigwa

Golf GTI yangu, ya Volkswagen, ni ile ya kizazi cha sita, 2.0 tabo, imetoka Japani, na siku naitoa bandarini nilifurahi kukuta tairi zina kashata (yale meno ya raba yanayokanyaga barabara) nene kabisa, nikajisemea hapo nimeokoa hela. Wiki ya pili masika yakanikuta Morogoro Road, nikagusa breki kidogo tu maeneo ya Kimara, gari ikateleza mpaka nikabaki nimeng'ang'ania usukani huku moyo upo shingoni. Nikaenda kwa fundi pancha mmoja mzee, akachuchumaa, akabonyeza kashata kwa ukucha, ukucha ukazama, akacheka. "Kijana, hizi za barafu hizi."

Na kweli. Raba laini kama kifutio cha shule, imejaa mikato midogo midogo kama imechanjwa kwa wembe, ubavuni kuna alama ya mlima wenye theluji, na mwisho wa saizi kuna herufi Q, yaani tairi isizidi kilomita 160 kwa saa, wakati gari yenyewe ina farasi 210. Hokkaido, kule Japani kwenye theluji, sawa, Dar hapana. Kwa hiyo kama gari yako ndo imeshuka melini, kabla ya kusifia kashata soma kwanza ubavu.

Na kusoma kwenyewe sio kazi. Yangu inatakiwa iwe 225/45R17 91W. 225 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya huo upana ndo unapata kimo cha ubavu, hapo ni kama milimita 101, na 17 ni rimu kwa inchi. 91 ni mzigo, tairi moja inabeba kilo 615, na W ni spidi, mpaka 270. Utaniambia nani anakimbia 270 na vibao vya 50 kila kijiji, hakuna, ila hiyo herufi inakuonyesha pia tairi inavyohimili joto, na ukiwa unaenda Dodoma saa nane mchana, watu wanne ndani na mizigo buti imejaa, joto ndo linalopasua tairi. Cheki kibandiko kwenye kifuniko cha tenki la mafuta au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, saizi na namba zilizoandikwa pale usishuke chini yake hata kama muuza duka anaapa kwa mama yake kwamba "hii inaingia bosi". Kuingia inaingia. Ukipata iliyoandikwa 94W XL chukua, hiyo imeimarishwa, inabeba kilo 670, ila kumbuka ili ibebe huo mzigo wote inataka upepo mwingi zaidi ya ile ya kawaida.

Sasa suala la rimu, na hapa ndo wengi tunaharibu. GTI hii inakuja na 17 au 18, na watu wanatamani 19 kwa sababu inapendeza kwenye picha. Piga hesabu ya ubavu: 225/45R17 unapata milimita 101, 225/40R18 unapata 90, ukienda 235/35R19 umebakiwa na 82 tu. Hizo milimita ndo godoro kati ya rimu yako na shimo la barabarani. Mimi nilikaa na 18 kama miezi saba, nikapinda rimu mbili na tairi moja ikaota nundu ubavuni kama embe, na tairi ikishaota nundu basi, nyuzi za ndani zimeshakatika, usimsikilize anayekwambia itarudi. Nikashuka kwenye 17 na sijutii, kipenyo kizima kinatofautiana milimita tatu tu (634 kwa 637) kwa hiyo spidomita haidanganyi, na kwenye kona tofauti nayoisikia ni ndogo mno. Ukinunua rimu za kubadilishia, Golf ni 5 kwa 112, yaani matundu matano ya bolti kwenye duara la kipenyo cha milimita 112, za Toyota hazikai, na fundi akisema atatoboa upya mwambie asante, uondoke.

Tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka namba nne za mwisho, mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu, ule unaotazama ndani, kwa hiyo tairi igeuzwe uione kabla hujalipa. Raba inazeeka hata ikiwa imening'inizwa dukani na karatasi yake inang'aa, mimi ya dukani ikizidi miaka miwili naomba ingine. Za mtumba sinunui kabisa kwa gari ya aina hii, lakini kama mfuko haujaruhusu, pitisha mkono ndani ya tairi utafute viraka, na angalia ubavu kama una mikwaruzo ya kutembelewa bila upepo.

Kampuni gani? Kwa mvua zetu nataka tairi ya spoti ya barabarani yenye mifereji mipana ya kutoa maji, kama Michelin Pilot Sport, Continental SportContact, Goodyear Eagle F1 au Bridgestone Potenza. Bei zinauma. Ukishuka kidogo kuna Hankook Ventus, Kumho Ecsta na Falken, hizi nimezitumia na kwa hela yake sina ugomvi nazo. Kuna wanaotafuta zile zinazokaribia za mashindano, ubavuni imeandikwa treadwear (namba ya raba inavyodumu) 200 au chini yake, zinashika lami kavu kama gundi, ila zinaisha haraka na nyingi kwenye maji mengi hazifai, hizo waachie wanaoenda uwanjani. Alafu hiyo namba ya treadwear linganisha ndani ya kampuni moja tu, kwa sababu kila kampuni inajipimia yenyewe na kujipa maksi. Ile herufi ya traction ndo naitazama zaidi maana inapima breki kwenye maji, AA ni ya juu kabisa, nami sishuki chini ya A.

GTI inavuta kwa mbele kwa hiyo za mbele zinaisha mapema, na hela ikitosha mbili tu kila mtu atakwambia weka mpya mbele. Weka nyuma. Mbele ikiteleza utaisikia kwenye usukani na ukiachia mafuta inarudi, nyuma ikiteleza kwenye maji unajikuta unatazama ulikotoka. Zile nzima zilizokuwa nyuma ndo zije mbele. Ila kama yako ni Golf R, ile inavuta zote nne, badilisha nne kwa pamoja.

Siku ya kufunga usiende kunywa chai, simama hapo hapo. Gereji moja walinifungia tairi mbili ndani nje, ubavu ulioandikwa OUTSIDE unatazama shokapu, nimekuja kugundua siku nne baadae nikiwa naosha gari. Zenye mshale wa ROTATION nazo mshale lazima ufuate mzunguko wa kwenda mbele. Dai valvu mpya, dai balansi, na bolti wamalizie kwa spana ya kipimo kwenye Nm 120, sio kupanda juu ya spana na kurukaruka. Ukisukumiwa naitrojeni kwa bei ya ajabu kataa kwa upole, upepo wa kawaida wenyewe ni naitrojeni asilimia 78. Kibandiko cha Japani kinaandika upepo kwa kPa, kwa hiyo 220 ni kama psi 32, na pima asubuhi tairi ikiwa ya baridi.

Alaimenti fanya siku hiyo hiyo. Baada ya wiki mbili pitisha kiganja kwenye ukingo wa ndani wa tairi za mbele, ukisikia kama msumeno rudi kwa fundi acheki bushi kwanza kabla hajagusa kitu kingine.