Kulinganisha TUNE na LOAD kwenye Amplifaya ya Valvu

Amplifaya ya valvu, inayokuza nguvu ya redio kabla haijafika kwenye antena, haijirekebishi yenyewe. Kila mtumiaji anapobadili bendi (kundi la masafa), au hata anaposogea mbali ndani ya bendi ileile, hana budi kuvigusa upya vizungushio viwili ambavyo kwa kawaida huandikwa TUNE na LOAD, na namna anavyovizungusha huchangia sana kuamua kama valvu itadumu miaka mingi au itaharibika kwa jioni moja. Wengi hufundishwa kutafuta mahali ambapo mkondo wa anodi, yaani sehemu ya valvu inayopokea elektroni, unashuka hadi chini kabisa, kisha wakaishia hapo. Mafundisho hayo si ya uongo, ila hayatoshi, kwa sababu mita inayofichua makosa mengi zaidi ni ile ya gridi, yaani wavu ulio ndani ya valvu unaodhibiti mkondo huo.

Kabla ya lolote, kifuniko cha amplifaya kiwe kimefungwa. Volteji ya anodi huwa maelfu, mara nyingi kati ya 2,000 na 4,000, na kapasita za usambazaji umeme zinaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi inayoelezwa hapa haihitaji kugusa chochote kilicho ndani.

Inafaa kuelewa vizungushio hivyo vinafanya nini. Valvu yenye volteji 2,500 kwenye anodi na mkondo wa miliampea 400 inahitaji kuona impidansi (ukinzani kwa mkondo wa redio) ya takriban ohmu 3,500 hadi 4,000, ilhali kebo ya antena ni ya ohmu 50. Kati yao kuna koili moja na kapasita mbili. Kapasita ya TUNE, iliyo upande wa anodi, huileta saketi kwenye resonansi, yaani hali ya kuitikia kwa nguvu kabisa, katika masafa yanayotumika. Kapasita ya LOAD, iliyo upande wa antena, huamua valvu itabebeshwa mzigo kiasi gani. LOAD ikiwa imefungwa, yaani kapasitansi yake ikiwa kubwa kabisa, mzigo ni mwepesi, na kadiri inavyofunguliwa ndivyo mzigo unavyokuwa mzito. Namba zilizoandikwa mbele hazifuati utaratibu mmoja kwa watengenezaji wote, hivyo angalia kwanza kwenye kitabu cha mashine yako ni upande upi unaoongeza mzigo.

Anza kwa kuunganisha mzigo bandia (kipingamizi kinachoshika nafasi ya antena) wa ohmu 50 unaoweza kustahimili nguvu utakayotumia. Ukilazimika kutumia antena, hakikisha SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) haizidi 2 kwa 1, sikiliza kama masafa yako wazi, na utaje ishara yako ya wito. Swichi ya bendi izungushwe wakati redio haitoi nguvu yoyote, maana cheche inayoruka kati ya migusano yake huiunguza. Ipe valvu muda wa kupata joto: valvu ya kioo ya 3-500Z, ambayo uzi wake wenyewe ndio kathodi (sehemu inayotoa elektroni), huwa tayari baada ya sekunde chache tu, lakini valvu za kauri kama 8877 na 3CX800A7 huhitaji angalau dakika 3. Kisha weka TUNE na LOAD mahali panapopendekezwa na kitabu kwa bendi hiyo.

Ingiza nguvu ndogo kutoka kwenye redio, tuseme robo ya ile ya kawaida, kwa wimbi lisilo na sauti. Zungusha TUNE hadi nguvu inayotoka ifike kilele. Karibu na hapo mkondo wa anodi utashuka. Ukipata sehemu mbili za namna hiyo, chagua ile ambayo kapasita imefungwa zaidi, kwa kuwa ile nyingine huenda ni resonansi ya masafa maradufu. Sasa sogeza LOAD kidogo, rudisha TUNE kwenye kilele, sogeza LOAD tena, na uendelee kupokezana hivyo mpaka nguvu isiongezeke zaidi.

Hapo ndipo wengi huridhika, na hapo ndipo kosa lilipo. Marekebisho yaliyofanywa kwa nguvu ndogo hayafai kwa nguvu kamili, kwa sababu mkondo wa valvu unapoongezeka, impidansi inayofaa kwenye anodi hupungua. Amplifaya iliyorekebishwa kwa wati 25 kisha ikasukumwa kwa wati 100 huwa na mzigo mwepesi mno: mkondo wa gridi hupaa, ishara huvurugika na kumwagikia masafa ya majirani, na volteji ndani ya saketi inaweza kupanda hadi cheche ziruke kwenye kapasita ya TUNE. Mlio wa cheche hizo ukishausikia mara moja, hutausahau. Kwa hiyo ongeza nguvu hatua kwa hatua, ukirudia LOAD na TUNE katika kila hatua, na umalizie kwenye nguvu ileile utakayotumia hewani.

Katika hatua ya mwisho, macho yawe kwenye mita ya gridi. Mkondo wa gridi ukizidi kiwango ilhali nguvu inayotoka si kubwa, mzigo ni mwepesi, fungua LOAD. Ukiwa mdogo kupita kiasi huku mkondo wa anodi uko juu, mzigo umekuwa mzito. Baada ya kufika kileleni, mimi huongeza mzigo kidogo tu kupita hapo na kugusa TUNE mara ya mwisho, nguvu ikipungua kwa kiasi ambacho msikilizaji hawezi kukitambua, ilhali gridi inapumzika na sauti inakuwa safi zaidi. Kwenye valvu za tetrodi, zenye gridi mbili, mita ya kufuatilia ni ya gridi ya pili, ambayo mkondo wake hupanda haraka mzigo unapokuwa mwepesi.

Yote haya yafanyike kwa vipindi vifupi, visivyozidi sekunde 10, kisha valvu ipumzike muda mrefu kuliko huo. Hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Volteji 2,500 na miliampea 400 ni wati 1,000 zinazoingia. Zikitoka 600, zile 400 hubaki kwenye anodi kama joto, na kikomo cha 3-500Z ni wati 500. TUNE ikiwa mbali na resonansi, karibu wati zote huishia kwenye anodi. Valvu ya kioo angalau huonya, maana anodi huiva kutoka wekundu hafifu kwenda rangi ya machungwa. Valvu ya kauri haionyeshi dalili yoyote.

Ukianza kuzungumza kwa SSB (njia ya kurusha sauti kwa upande mmoja wa wimbi), mita zitaonyesha kiasi cha nusu tu ya ulichokiona wakati wa kurekebisha, kwa kuwa sindano haziwezi kufuata vilele vya sauti. Usiongeze nguvu ili kuzifukuza. Andika namba za TUNE na LOAD kwa kila bendi na kila antena, kwani antena haifanani kabisa na mzigo bandia na marekebisho madogo yatahitajika kila unapohama, na ukimaliza iache feni iendelee kuzunguka dakika chache kabla ya kuzima swichi kuu.