Kabla kobe wa msituni hajaingia nyumbani

Kobe wa miguu myekundu kwao ni Amerika Kusini: Brazili, Guyana, Venezuela. Ukimweka ndani ya nyumba ya Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, mwezi wa kwanza, hita ikifanya kazi usiku kucha, umemtoa kwao ukamtia jangwani. Hewa ya baridi kali hubeba maji kidogo sana, na ikishapashwa moto ndani, unyevu wake huweza kushuka hata chini ya asilimia 20. Yeye anataka 70 hadi 80, mchana na usiku.

Mimi nilianza kinyume. Kobe alitangulia, kizimba kikafuata, na nikaamini kumnyunyizia maji asubuhi na jioni kunatosha. Nusu saa tu, kila kitu kikavu. Baada ya miezi vipande vya gamba lake vikaanza kuinuka, kila kimoja na kijilima chake. Vijilima hivyo havishuki tena, na kila nikimwogesha navipapasa kwa uchungu. Wafugaji wengi walilaumu protini kwenye chakula, lakini utafiti wa Wiesner na Iben wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi. Nao waliwachunguza watoto wa kobe wa ukanda wa Sahel, wa nchi kavu! Sembuse huyu wa msituni.

Kwa hiyo tengeneza kizimba kwanza. Kilicho wazi juu hakifai, kwa sababu joto hupanda na kuondoka na unyevu wote. Kiwe na mfuniko, matundu machache ya hewa, na viungo vya mbao vizibwe kwa silikoni siku kadhaa mapema ili harufu iishe.

Unyevu wenyewe hukaa chini, kwenye matandiko. Yale matofali makavu yanayouzwa kwa ajili ya kobe ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, ndugu wa yale ambayo pwani kwetu hufukiwa kwenye tope la bahari, kisha hupondwa kupata usumba wa kamba. Loweka kwa maji ya vuguvugu, changanya na magome ya miti, tandaza unene wa sentimita 10 au zaidi. Chota konzi moja ulikamue: lishikane, lisichuruzike. Ukiongeza maji, yamimine pembeni yazame mpaka chini. Juu pawe pakavu kidogo, maana kobe akilalia tope gamba la tumboni huoza. Mwekee pia pango lenye kuvumwani (moss) yenye unyevu. Watoto hushinda humo.

Joto lisisahaulike. Usiku lisishuke chini ya nyuzi 24 za Selsiasi, kwani ubaridi ukichanganyika na unyevu humletea maradhi ya mapafu. Taa ya joto iunganishwe na thamostati, kifaa cha kudhibiti joto, na isimkaribie mgongoni, humkausha.

Kipima unyevu kikaguliwe kabla hujakiamini. Jaza chumvi kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji mpaka iwe kama tope, ufungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Baada ya muda wa saa nane au zaidi kisome 75. Changu kilisoma 68, basi kila siku naongeza 7. Kiweke karibu na sakafu, pale kobe atakapolala.

Mashine ya ukungu si ya lazima. Ukiwa nayo, ioshe kila wiki, la sivyo inampulizia vijidudu.

Karatasi pia ziulizwe mapema: kobe huyu yumo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo muuzaji akuthibitishie kwamba amezaliwa kizimbani. Na mtafute daktari wa mifugo anayewajua reptilia.

Kisha washa kila kitu kizimba kikiwa kitupu, siku saba, ukiandika unyevu na joto asubuhi na usiku. Namba za siku ya saba zikilingana na za siku ya tatu, mpigie muuzaji.