Kabla Hujaifungulia Biashara Yako Ukurasa: Picha na Namba za Wateja ni Amana

Mwezi wa mfunguo mosi ukiandama, harusi za Mombasa hufuatana, na ndipo wengi wetu wa kazi za mkono tunapofungua kurasa za biashara mtandaoni: mpaka hina wa Kibokoni, mpishi wa biriani wa Majengo, fundi wa madira wa Kisauni, mpambaji wa kumbi. Kujitangaza huko kunaleta riziki. Mimi napaka hina, na wateja wangu wengi wa sasa walinijua kwa picha kabla hawajanijua kwa jina. Lakini picha ya kwanza ina maandalizi yake, na mengi hayahusu kamera wala bei. Yanamhusu mteja: sura yake, namba yake, mtaa wake.

Naanza na picha kwa sababu ndipo nilipokosea. Miaka kadhaa nyuma nilimpaka bibi harusi mikono na miguu, kazi ya saa tano, nikapiga picha ya mkono peke yake na kuiweka stetasi. Nyuma ya mkono ule palikuwa na kabati la nguo lenye kioo, na kiooni alionekana dada yake, kichwa wazi, kavaa dira la nyumbani. Mimi sikumwona. Wengine walimwona. Usiku ule mama yao alinipigia: "Mwanangu, itoe ile picha. Mume wa dada mtu ameshaonyeshwa." Niliitoa papo hapo, lakini tayari ilikuwa imerushwa kwenye makundi mawili. Nilikwenda kuomba radhi nyumbani kwao, na walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu hapo, kabla ya kupiga picha naangalia kwanza kioo, dirisha, na picha za ukutani, kisha ndiyo mkono.

Anayefanya kazi kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, alipime jambo hili kwa uzito wake. Siku ile ni ya wanawake peke yao. Buibui huvuliwa mlangoni na nywele zimetengenezwa. Familia nyingi huwakataza wageni simu kabisa. Mpambaji, mpishi na mpaka hina ndio wanaoachiwa, kwa kuwa wako kazini. Tumeruhusiwa kuingia na kitu ambacho hata shangazi wa bibi harusi amezuiwa nacho. Kwa hiyo ruhusa ya picha iombwe siku mbili tatu kabla, na iombwe kwa bibi harusi mwenyewe, si kwa mama yake peke yake. Usimwulize akiwa ameshaketi, hina mbichi mikononi, hawezi hata kushika simu, na wewe ndiye unayemtengeneza. Mtu katika hali ile hukubali ili kazi iendelee.

Mimi huandika hivi: "Assalamu alaikum bibi harusi. Naomba ruhusa ya kuweka kwenye ukurasa wangu picha ya mikono yako bila uso na bila jina. Ukitaka isiwekwe, bei na kazi ni vilevile. Ukibadili nia baadaye, niambie nitaitoa." Jibu lake nalihifadhi. Aliyekubali mkono hajakubali uso, na aliyekubali uso hajakubali ukumbi na waliomo.

Adabu hii ina sheria nyuma yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uwe na ridhaa ya wazi kabla hujatumia taarifa za mtu kibiashara. Ubishi ukizuka, mwenye biashara ndiye wa kuthibitisha kwamba aliruhusiwa. Ndiyo maana nasema jibu lihifadhiwe. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data, inayosimamia sheria hiyo, iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Hilo la watoto lituguse sisi, maana wasichana wadogo tunawapaka hina kila sikukuu na vidole vyao vinapendeza pichani. Ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Mtoto kutabasamu mbele ya kamera si ruhusa.

Namba za simu nazo zipangiwe utaratibu mapema. Mteja akikutumia pesa kwa M-Pesa moja kwa moja kwenye simu yako, unaweza kubaki na jina na namba yake. Alivitoa alipie mahamri yake, si kwa lingine. Hata hivyo wengi wetu tunakusanya namba hizo na kuzitia kwenye kundi moja la WhatsApp la "wateja wetu", na kuanzia hapo kila aliyemo anaona namba ya kila mwenzake. Mwanamke aliyeagiza sambusa mara moja anaanza kupigiwa usiku na mtu asiyemjua. Tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) badala ya kundi. Ujumbe humfikia kila mtu peke yake, tena humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Watu unaowafikia watapungua, lakini ni walioamua kukujua, na hao ndio wanunuzi.

Matangazo ya kulipia yanahitaji kufahamika kabla hujatoa shilingi. Facebook na Instagram, ambazo ni za kampuni moja, hukuruhusu kuchagua watakaoliona tangazo kwa umri, kwa mambo wanayoyapenda, na kwa umbali kutoka mahali unapopataja, tuseme kilomita kadhaa kutoka soko la Kongowea. Mwenye duka dogo hahitaji zaidi ya hapo. Kuna njia nyingine: unaipa kampuni orodha ya namba za wateja wako, inazilinganisha na akaunti za watu, inawaonyesha tangazo, kisha inakutafutia wengine wanaofanana nao. Namba hufichwa kwa hesabu maalumu kabla ya kulinganishwa. Pamoja na hivyo, akaunti inayolingana inajulikana, na mteja wako hana habari kwamba wewe ndiye uliyemtaja. Mwaka 2018 ilibainika kwamba taarifa za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 zilikuwa zimefika Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa siasa ya Uingereza, na wengi wao hawakuwahi kufungua programu iliyozikusanya. Rafiki zao ndio walioifungua. Orodha ya wateja inaweza kumfikisha mtu kwa njia hiyohiyo mahali asipopajua, na sisi ndio tutakuwa hao rafiki. Usiipeleke orodha kama hukuwaambia wenye namba.

Siku na mahali pia: usitaje ukumbi wala nyumba kabla ya shughuli kwisha. Picha yenye mlango, jina la mtaa na maneno "leo tuko hapa" inamwambia mwizi kwamba familia nzima iko arusini Tudor na nyumba ya Bamburi ni tupu. Mimi huweka picha wiki moja baadaye.

Yaliyobaki ni mepesi lakini yafanywe. Simu ya biashara iwe peke yake, si ileile wanayochezea watoto. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya pili juu ya nenosiri, na msaidizi akiacha kazi, badilisha nenosiri siku hiyohiyo. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, isipokuwa zipo kazi, zikiwemo za hoteli, ambazo hazina msamaha huo. Simu yenye taarifa za wateja ikiibwa, na kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72 na wateja nao waambiwe.

Jiandae pia kwa atakayerudi. Mteja wangu mmoja aliniandikia mwaka wa pili baada ya harusi yake: ndoa imevunjika, na kila akifungua simu anakutana na mikono yake. Sheria inamruhusu kuondoa ridhaa wakati wowote, lakini sikuingoja sheria. Niliitoa picha kwenye ukurasa, kwenye stetasi nilizozibakisha juu ya ukurasa, na kwenye tangazo lililokuwa likiendelea. Kisha nikaziandikia kurasa tatu zilizoichukua kwangu. Mbili ziliitoa siku ileile. Ya tatu niliifuatilia kwa siku tisa.