Somo: Kupanga safari ya mawimbi ya dunia ukiwa mkazi wa Arusha au Moshi

Somo hili linamhusu mtu anayeishi mbali na bahari, ambaye anapenda mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, hana nia ya kuufanya kuwa kazi, lakini anatamani siku moja apande mawimbi ya Afrika Kusini, Moroko, Indonesia na Hawaii. Wengi huipanga safari ya namna hiyo kwa kufuata picha zilizowavutia. Ninashauri ipangwe kwa kufuata mambo mawili, yaani sakafu ya bahari na majira ya upepo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoamua kama mgeni atafurahia maji au atatoka na majeraha.

Hatua ya kwanza: kuogelea

Kabla ya kununua chochote, ogelea mita 400 bila kupumzika, kisha ukae wima ndani ya maji ya kina kirefu kwa dakika 10 bila kushika ukingo. Bwawa la hoteli linatosha. Wanaokwenda chemchemi za Chemka, kule upande wa Boma Ng'ombe, wakumbuke kwamba maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama yanavyombeba maji ya bahari, hivyo zoezi la huko ni gumu kidogo, na hiyo ni faida. Usijizoeze kubana pumzi chini ya maji ukiwa peke yako, hata kama wewe ni hodari, kwa sababu mtu anaweza kupoteza fahamu bila dalili yoyote ya kumwonya.

Hatua ya pili: kuinuka

Chora kwa chaki, kwenye sakafu ya baraza, umbo la ubao wenye urefu wa futi 8 na mstari unaopita katikati yake. Lala kifudifudi, weka viganja kando ya mbavu za chini, inua kifua huku macho yakitazama mbele, kisha sukuma sakafu na ulete miguu yote miwili chini yako kwa tendo moja: wa nyuma ukae kwa kukingama juu ya mstari, wa mbele utue mahali palipokuwa kati ya mikono, na magoti yabaki yamekunjwa. Asiyejua mguu wake wa mbele ni upi amwombe mwenzake amsukume kidogo kutoka nyuma bila kumtahadharisha. Mguu utakaotangulia ndio huo. Usipitie kwenye magoti, kwani tabia hiyo ikishazoeleka kwenye baraza hukufuata hadi majini.

Hatua ya tatu: kuisoma bahari

Hapa ndipo mtu wa Arusha anapoweza kumpita hata anayeishi ufukweni, kwa kuwa kazi hii hufanyika mezani. Utabiri wa mawimbi hutoa namba tatu za msingi, nazo ni kimo cha wimbi, mwelekeo wake, na kipindi chake, yaani sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na linalofuata. Wanaoanza hutazama kimo peke yake, ilhali kipindi ndicho chenye habari nyingi zaidi. Mawimbi ya sekunde 6 au 7 yamezaliwa na upepo wa karibu na huja yamevurugika. Ya sekunde 14 na kuendelea yametoka katika dhoruba ya mbali, yamejipanga, na yana nguvu kuliko kimo chake kinavyoonyesha. Katika bahari ya kina kirefu, nguvu ya mawimbi ya sekunde 15 husafiri kwa takriban kilomita 42 kwa saa, hivyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 2,000 huleta mawimbi yake baada ya siku mbili hivi.

Wimbi huvunjika linapofika kwenye kina kinachokaribia mara 1.3 ya kimo chake. Kwa hiyo wimbi la mita moja na nusu huvunjika mahali penye maji ya mita mbili hivi, na anayeanguka hapo ataikuta sakafu haraka, iwe ni mchanga au matumbawe.

Kanuni hizi zinaeleza pia kwa nini pwani yetu si uwanja mkubwa wa mchezo huu. Madagaska huyakinga mawimbi mengi ya kusini, miamba ya matumbawe huyavunja yaliyosalia mbali na ufukwe, na kusi huleta zaidi mawimbi ya kipindi kifupi. Ndiyo maana Paje imepata sifa kwa wanaovutwa na tiara badala ya wanaosukumwa na wimbi.

Hatua ya nne: safari ya kwanza

Anza Afrika Kusini, ambako Mtanzania hahitaji viza kwa matembezi mafupi. Muizenberg, karibu na Cape Town, ina mchanga chini na mawimbi ya taratibu, ila maji yake ni baridi na suti ya mpira haiepukiki. Asiyependa baridi aende Durban, ambako mkondo wa Agulhas hupasha maji joto. Binafsi ningechagua Muizenberg, kwa kuwa wimbi la polepole hufundisha haraka kuliko maji ya joto.

Hatua ya tano: kuupanga ulimwengu

Baada ya mchanga, nenda Taghazout, Moroko, kati ya Oktoba na Machi, uanze na fukwe zake za mchanga kabla ya kuigusa Anchor Point, wimbi maarufu la huko. Indonesia ifuate baadaye, kati ya Aprili na Oktoba. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma Bali majira hayo ni ndugu wa kusi yetu, isipokuwa kwamba kule Uluwatu, kusini mwa Bali, upepo huo hutokea nchi kavu kuelekea baharini na kuyanyoosha mawimbi. Chini ya mawimbi hayo kuna mwamba, kwa hiyo asifike huko asiyeweza kuuelekeza ubao wake. Waikiki, Hawaii, inamfaa hata anayeanza. Pwani ya kaskazini ya kisiwa hichohicho cha Oahu, wakati wa Desemba, haimfai. Teahupo'o, kisiwani Tahiti, palipofanyika mashindano ya mchezo huu ya Olimpiki ya 2024, tupatazame kwenye televisheni.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Majengo, Moshi: Shikamoo mwalimu. Je, papa wa Muizenberg si hatari?

Jibu: Marahaba. Wapo, na ndiyo sababu walinzi hukaa mlimani wakitazama ghuba. Bendera ya kijani inamaanisha kwamba wanaona vizuri na hakuna papa, nyeusi kwamba hawaoni vizuri, nyekundu kwamba kuna tahadhari kubwa, na nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, kwamba utoke majini mara moja.

Swali kutoka Njiro: Kaka, nikichukuliwa na mkondo unaorudi baharini nifanye nini?

Jibu: Usiuache ubao, kwa kuwa unaelea na unaonekana. Usishindane na mkondo kwa kuelekea ufukweni. Piga makasia kwa mikono sambamba na ufukwe hadi utoke ndani yake, ndipo ugeuke.

Swali kutoka Sakina: Wawili tukiliwahi wimbi moja, ni la nani?

Jibu: Ni la aliye karibu zaidi na mahali linapoanza kuvunjika. Mwingine hujiondoa, hata kama alianza kupiga makasia mapema.

Swali kutoka Tengeru: Ninunue ubao wangu na kusafiri nao?

Jibu: Si sasa, dada. Mashirika mengi ya ndege hutoza mzigo mrefu kivyake, na ubao wa kujifunzia utaupita ndani ya mwaka. Kodisha wa sponji hukohuko, wa futi 8 au 9, na kabla ya kuingia majini kagua kamba ya mguuni pale inapofungwa kwenye ubao, kwa kuwa katika mbao za kukodi hapo ndipo huchakaa kwanza.