Mambo ya kuzingatia kabla ya kuwapeleka wanafunzi katika bustani ya wanyama ya Tabora

Shule inayokusudia kuwapeleka wanafunzi katika bustani ya wanyamapori ya Tabora ili wajifunze matumizi endelevu ya maliasili ianzie maandalizi darasani, kabla hata ya kutafuta basi. Mwanafunzi asiyejua kwamba mnyama aliye ndani ya uzio ana makazi yake ya asili atarudi akisimulia ukubwa wa mnyama tu, ilhali aliyekwisha kufundishwa kuhusu misitu ya miombo, inayoenea hadi Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla iliyoanzishwa mwaka 2019, atakuwa na la kumwuliza mhifadhi.

Maswali hayo yaandikwe mapema, na yatokane na maisha ya wanafunzi wenyewe. Wengi wao hutoka katika kaya zinazolima tumbaku, ambayo majani yake hukaushwa katika mabani, yaani mabanda maalumu ya kukaushia, kwa moto wa kuni. Wengine wazazi wao hurina asali, na nyuki wanaoitengeneza hutegemea maua ya miti ileile inayokatwa. Mwalimu asilikwepe jambo hili kwa hofu kwamba linagusa kipato cha wazazi, kwa maana hapo ndipo somo lilipo. Kila mwanafunzi achunguze kuni za nyumbani kwao zinatoka wapi, kama ipo miti iliyopandwa kufidia ile iliyokatwa, na awaulize wazee ni wanyama gani waliokuwa wakionekana karibu na kijiji ambao siku hizi hawaonekani.

Ruhusa ya wazazi iwe ya maandishi, na uongozi wa bustani ujulishwe mapema idadi na umri wa wanafunzi, pamoja na wenye ulemavu watakaohitaji msaada. Ni vizuri kufika asubuhi, kwa kuwa jua la mchana likikolea wanyama wengi hujilaza kivulini.

Chakula kifungwe katika vyombo vinavyorudi nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na msafara wa kujifunza uhifadhi hauwezi kuwa wa kwanza kuibeba. Wanafunzi waelezwe, pamoja na sababu zake, kwamba hawaruhusiwi kuwarushia wanyama vyakula wala kuwapigia kelele: chakula kisichowafaa huwadhuru, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia anapotishwa. Walimu wagawane vikundi vidogo, kila mmoja akiwa na orodha ya majina ya wanafunzi wake, ili wahesabiwe wakati wa kushuka na kabla ya kupanda basi.